Uzi: Mto ukifurika saa saba usiku, nani yuko studio ya redio?

MtuWaKiambiu (mleta uzi)

Huu uzi nimeuandika mara mbili nikaufuta. Leo nauachilia kwa sababu tangu saa tisa kuna wingu jeusi limekaa upande wa Ngong, na mtoto wangu wa pili ameniuliza kama leo tutalala kwa shosho. Ana miaka saba. Huyu ameshajua kusoma mawingu kabla ya kujua hesabu ya kugawa.

Turudi Aprili 2024, ile wiki ya mwisho. Mnakumbuka masika yale, mvua haikuwa inapumua. Tulikuwa tunakaa Kiambiu, nyumba ya mabati, hatua kama arobaini kutoka Mto Nairobi. (Kabla hamjaniuliza kwa nini nilijenga kando ya mto: sikujenga, nilipanga. Ukipata chumba cha bei ile huko mlimani, niitie.) Jioni mvua ilikuwa ya kawaida, ile ya kukufanya uongeze sauti ya televisheni. Saa nne stima zikapotea mtaa mzima. Simu ilikuwa imebaki asilimia kumi na moja, nikaizima niiwekee dharura. Nikachukua redio.

Ni redio ndogo ya mawe mawili, antena ilivunjika nikaiunga na waya. Nikaiwasha nikitafuta mtu wa kuniambia jambo. Steshoni kubwa, ya nchi nzima, sitaitaja. Nikakuta rumba. Sawa, rumba ni tamu, nikangoja. Wimbo wa pili, wa tatu, wa nne. Halafu katikati ikaingia sauti yao ya kurekodiwa: "Kumekucha! Amka na sisi!" Saa tano na nusu usiku. Hapo ndipo nilijua kule studio hakuna mtu, kompyuta inajichezea.

Saa sita wakaweka habari, zile zile za saa tatu. "Mvua kubwa inatarajiwa kuendelea katika nyanda za juu mashariki mwa Bonde la Ufa, ikiwemo Nairobi." Jamani. Sijawahi kukutana na mtu ukimuuliza anakaa wapi akujibu anakaa nyanda za juu mashariki mwa Bonde la Ufa. Mke wangu akauliza, "Wamesema nini?" Nikamwambia wamesema kuna mvua. Akacheka. Tulikuwa tunaongea kwa kupaza sauti juu ya kelele za bati.

Kama saa saba kasorobo mtu akaanza kugonga mabati kwa mwiko, nyumba hadi nyumba, "Amkeni! Maji!" Nilishusha mguu kitandani ukatua kwa maji. Nikambeba mdogo mabegani, mke akashika wa pili na bahasha ya vitambulisho, jirani akavuta mlango wa mama mzee wa pembeni ambao ulikuwa umekataa kufunguka. Redio nilikuwa nimeitia mfuko wa koti bila kuizima. Kwa hivyo usiku ule mimi naukumbuka hivi: maji ya kiunoni, harufu ya choo, mtoto amenishika masikio yote mawili, na mfukoni mwangu rumba inaendelea.

Sasa sikieni kilichonifanya niandike. Asubuhi tukiwa tumehifadhiwa kwa darasa moja, alikuja binamu yangu wa Kawangware kutuletea blanketi. Akaniambia, kama mtu anayesimulia mambo ya kawaida, kwamba kwao mto ulikuwa umeshapita juu ya kidaraja cha miguu saa nne usiku. Saa nne! Ni mto ule ule. Unatoka kinamasi cha Ondiri huko Kikuyu, unapita Dagoretti, Kawangware, Chiromo, unazunguka Globe, Gikomba, ndio unafika kwetu ukielekea Dandora. Wa juu alijua karibu saa tatu kabla. Wa chini alikuwa anasikiliza rumba.

Swali langu kwa walio karibu na hizi kazi: kuna ugumu gani redio kuwa na mtu mmoja usiku wa mvua, na laini moja ya simu?

---

Sauti_ya_Ploti

Pole sana mzee. Lakini redio 2024? Sisi ploti yetu tuna kundi la WhatsApp, mto ukipanda inchi moja kuna picha. Redio ni ya wazee na matatu.

---

MtuWaKiambiu

Na simu ikizima? Na mnara ukizima? Nimesema nilikuwa na asilimia kumi na moja.

---

MtangazajiMstaafu

Mleta uzi, nitakujibu kwa urefu kwa sababu nimekaa kwenye kile kiti unachouliza nani amekikalia. Miaka minne, redio ya mtaa, sitasema ipi.

Kwanza watu waelewe kwamba Nairobi kuna redio za aina mbili. Kuna hizi kubwa za biashara na ya taifa, zinasikika mpaka kaunti za mbali. Halafu kuna redio za mitaani: Koch FM kule Korogocho tangu 2006, Pamoja FM Kibera, Ruben FM Mukuru, Mtaani Radio Dagoretti. Hizi za mitaani zote zimepewa masafa yale yale, 99.9. Inawezekana kwa sababu mitambo yake ina nguvu ndogo sana. Ukitoka Kibera na redio mkononi ukitembea kuelekea Mukuru, Pamoja inafifia, unasikia mikwaruzo, halafu Ruben inaingia palepale bila kugusa kitu.

Sasa unaweza kuona uzuri na ubaya wake. Uzuri ni kwamba mtangazaji wa mtaa hawezi kukwambia nyanda za juu. Anajua kila kidaraja, anajua nyumba ya nani iko chini ya bonde. Ubaya ni kwamba wa Dagoretti hasikiki Korogocho, na mto unapita kote kuwili.

Kuhusu usiku: tulikuwa tunafunga saa nne. Si uvivu. Wengi wetu tulikuwa wa kujitolea, ukipata hela ya chai na nauli umeshukuru. Msichana wa zamu ya jioni atarudije nyumbani saa sita kwa vile vichochoro? Jenereta hatukuwa nayo. Stima zikipotea, na sisi tumepotea. Kompyuta ilikuwa inacheza nyimbo usiku ili tu masafa yasikae kimya.

Lakini kuna usiku mmoja nilibaki. Mvua ilinikuta studio nikashindwa kutoka, na kwa bahati stima hazikupotea. Watu wakaanza kupiga simu. Laini ya studio ilikuwa ni simu tu ya kawaida, kioo kimepasuka, naiweka karibu na maiki na kufungua spika. Yule wa kwanza akasema, "Wanasema kuna nyumba zimebebwa kule chini." Nikamuuliza nani anasema? Akasema majirani. Nikamshukuru, nikakata, na sikurudia alichosema. Nikachukua daftari la hesabu la mtoto wangu, nikachora mistari mitatu: saa, mahali, alichokiona. Kila aliyepiga nilimuuliza maswali hayo tu. Uko wapi, umesimama karibu na nini? Unaona nini kwa macho yako? Sasa ni saa ngapi kwako? Ukinijibu yote matatu unaingia hewani. Ukisema "wanasema", unangoja mpaka nipate wa pili kutoka sehemu hiyo.

Kufikia saa tisa usiku nilikuwa nimejaza kurasa nne. Kuna mama alipiga mara tatu kuniambia maji yamefika kwa ngazi ya pili, ya tatu, ya nne ya kanisa lao. Hiyo ngazi ya kanisa ikawa kipimo chetu. Mpaka leo nikipita pale naziangalia.

Daftari ninalo bado.

---

Fundi_Mawimbi

Mzee Mstaafu hapo juu ameongea. Mimi ni fundi, nitaongezea upande wa mitambo kwa sababu naona Sauti_ya_Ploti anachanganya mambo.

Mnara wa simu unakula stima. Ikipotea unaingia kwa betri, na kama kuna jenereta, kwa jenereta. Betri ni za saa kadhaa, na jenereta inahitaji mtu wa kupeleka dizeli, na barabara imejaa maji. Halafu hata mnara ukiwa mzima, nyote mkipiga simu kwa wakati mmoja unajaa. Redio haijali ni watu wangapi wanasikiliza. Mtambo mmoja, watu kumi au milioni moja, mzigo ni ule ule. Mnara mmoja wa simu ukizima Eastlands, nyinyi mlio chini yake hamna kitu. Mtambo wa FM ulio juu huko Limuru ukiwa mzima, Nairobi nzima inasikia.

FM ina ubaya wake, inasafiri kama taa, ukiwa nyuma ya mlima hupati. Ndiyo maana masafa ya kati (AM), yale ya zamani watu wanayaona ni ya babu, bado yana kazi: yanatambaa na ardhi yanafika mbali. Kimbunga Maria kilipopiga Puerto Rico Septemba 2017, stima zikaisha kisiwa kizima na minara ya simu ikalala, kituo kilichobaki hewani kilikuwa WAPA Radio, cha masafa ya kati, na watu wakawa wanakitumia kutafutana.

Na wale wa kabambe, zile simu ndogo za vibonyezo: simu yako ina redio ndani. Chomeka waya wa masikioni, huo waya ndio antena. Bila waya, nyingi zitakwambia huwezi. Watu wengi hudhani imeharibika. Simu nyingi kubwa za bei ghali, hiyo redio haimo au imefungwa, kwa hivyo ya elfu hamsini inashindwa na mulika mwizi. Mnacheka lakini ni ukweli.

Sensa ya 2019 ilikuta redio kwa asilimia 56.9 ya kaya, televisheni asilimia 40.7. Hiyo ni redio yenyewe, sijahesabu za kwa simu na za kwa gari.

---

Sauti_ya_Ploti

Sawa fundi, nimekubali ya mnara. Lakini msikilizaji yuko wapi? Usiku watu wamelala. Hata studio ikiwa na mtangazaji kumi, nani ameacha redio wazi saa saba?

---

MamaKaro_Kayole

Mimi.

Na wako wengi, kijana. Mlinzi wa geti ana redio. Mama wa mandazi anayeamka saa nane usiku kukanda unga ana redio. Watu wa matatu wanaolala gereji, hospitalini wale wa zamu, mkesha wa matanga. Hao ndio wanagonga milango ya wengine. Aliyewaamsha kule Kiambiu kwa mwiko, mmemuuliza alijuaje?

Niseme lingine. Sisi tuliokua na redio ya taifa tunakumbuka matangazo ya vifo jioni. Nyumba nzima inanyamaza. Mnasikia jina, kijiji, lokesheni, "habari ziwafikie fulani walio Mombasa, fulani aliye Kericho". Kwa hayo matangazo mtu alikuwa anajua amefiwa na anapanda basi usiku huo huo. Hakuna aliyekuwa akisema "katika ukanda wa magharibi kuna vifo vinatarajiwa". Walitaja mtu na kwao. Sasa kama redio ilijua kutangaza kifo kwa jina la kijiji, inashindwa nini kutangaza maji kabla hayajaua?

Na salamu. Mnawadharau watu wa salamu, wale wa "nikiwa hapa Dagoretti Corner nawasalimu wafuatao". Hao wanajuana mji mzima, kila mmoja ametawanyika mtaa wake, na namba za studio wamezishika kichwani. Mimi nikiwa mkuu wa steshoni ningechukua mashabiki wa salamu kumi wanaokaa kando ya mto, mmoja Kikuyu, mmoja Kawangware, mmoja Gikomba, mpaka Dandora. Usiku wa mvua wanasalimiana tu. "Salamu kutoka Kawangware, mto umefika kwa daraja."

---

MtuWaKiambiu

Mama Karo, nimesoma hiyo nikasimama nikatembea kidogo. Hilo ndilo nilikuwa natafuta jina lake.

---

MwanaNzoia

Naandika kutoka Nairobi lakini kwetu ni Budalangi, kwa hivyo mafuriko kwetu ni kama Krismasi, yanakuja na watu wanajiandaa. Mto Nzoia unashuka kutoka milima ya mbali huko Bonde la Ufa, unaweza kuwa na jua kali Budalangi na maji yako njiani yanakuja. Kwa hivyo wazo la wa juu kumwambia wa chini sisi tulilijua zamani, kwa sababu ukiangalia anga ya kwenu utadanganyika.

Huko kuna Bulala FM. Ilianzishwa kwa mpango wa Idara ya Hali ya Hewa unaoitwa RANET, wa kupeleka habari za mvua vijijini kwa redio. Ya kwanza ya mpango huo ilikuwa Kangema, Murang'a, 2008, kwa sababu ya maporomoko ya ardhi. Mvua inasemwa kwa lugha ya nyumbani. Nyanyangu Kiswahili chake ni cha sokoni tu, lakini akiambiwa kwa lugha yake kwamba ukuta wa mto una hatari sehemu fulani, anafunga kuku kwa kikapu na kuondoka kabla ya chifu kufika. Kuku kwanza. Halafu sisi.

Swali langu ni kwa nini mpango kama huo ulikwenda vijijini na mji mkuu ukaonekana hauhitaji. Mnafikiri watu wa mjini wanapata habari kwa hewa?

---

AnayehesabuMatone

Mji haukuachwa kabisa, MwanaNzoia. Palikuwa na mradi ulioitwa DARAJA, ulifanywa Nairobi na Dar es Salaam, na hapa Kibera ilikuwa ndani. Utabiri ulichukuliwa kutoka kwa wataalamu, ukarahisishwa kwa lugha ya mtaa, ukapitishwa kwa redio za mitaani, ujumbe wa simu na viongozi wa mtaa.

Niwatetee kidogo watabiri maana mimi nimekaa karibu na hiyo kazi. Mtabiri anaweza kukwambia kesho Nairobi kuna uwezekano wa zaidi ya milimita 30 kwa saa 24. Hawezi kukwambia itaangukia Umoja au Lang'ata. Wingu la radi ni dogo, linazaliwa mchana na kufa jioni, linaweza kuzamisha South B na kuacha Kasarani kukiwa na vumbi. Hizo "nyanda za juu mashariki mwa Bonde la Ufa" ni ukanda wa kazi, umewekwa kwa sababu mvua yake inafanana. Siku hizi kila kaunti ina mkurugenzi wake wa hali ya hewa na taarifa ya kaunti inatoka. Ikiwa mtangazaji anasoma ya nchi nzima na ya kaunti iko kwenye barua pepe yake haijafunguliwa, hapo hatuwezi kumlaumu mtabiri.

Kazi ya redio ni kugeuza ile milimita kuwa kitu. Hebu tufanye hesabu. Milimita moja ya mvua juu ya mita mraba moja ni lita moja. Chumba cha futi kumi kwa kumi, paa lake ni kama mita mraba tisa. Ikinyesha milimita 50, paa hilo peke yake limemwaga lita 450. Hiyo ni zaidi ya mitungi ishirini na miwili ya lita ishirini, kutoka kwa chumba kimoja. Sasa hesabu vyumba vya Kiambiu, na mtaro mmoja ulioziba kwa mifuko. Mtangazaji akisema "milimita hamsini" mtu anageuka upande wa pili wa kitanda. Akisema "mitungi ishirini na miwili kwa kila paa", ataamka aangalie mtaro.

---

MtangazajiMstaafu

Hii ya mitungi naiiba. Ningekuwa nayo wakati ule.

---

DadaWaUmoja

Nilete ya mbali kidogo. Dada yangu anafanya kazi ya kutunza wazee huko North Carolina, Marekani, karibu na Asheville. Septemba 2024 tulimpoteza siku nne. Kimbunga Helene kilifika kwao tarehe 27, mji uko milimani, mamia ya kilomita kutoka baharini, watu hawakuwa wakifikiria vimbunga. Stima zikaenda, maji ya mfereji yakaenda, simu na intaneti vikaenda. Nchi yenye kila kitu.

Alipokuja kupatikana nikamuuliza mlikuwa mnaishije. Akasema: tulikuwa tunakaa kwa gari. Si kusafiri, kusikiliza. Gari lina betri na lina redio. Jirani mmoja alikuwa anawasha gari lake uani kila baada ya saa, wanatoka nyumba zote wanazunguka milango ikiwa wazi, wanasikiliza, wanazima kuokoa mafuta. Redio za pale ziliacha muziki na matangazo ya biashara zikawa zinapokea simu tu mchana na usiku. Barabara gani imefungwa, maji ya kunywa yanagawiwa wapi, fulani wa bonde fulani anatafutwa na mwanawe. Akaniambia, "Ilikuwa kama matangazo ya vifo ya kwetu, lakini kinyume. Walikuwa wanatangaza walio hai."

Maji yao ya mfereji hayakuruhusiwa kunywewa mpaka katikati ya Novemba, kwa hivyo redio iliendelea kuwa na kazi muda mrefu baada ya mvua kuisha. Hilo huku tunasahau. Mto ukishashuka, redio inarudi kwa mpira, na ndio wakati mama anahitaji kujua wapi kuna dawa ya maji na nani ana dalili za kipindupindu.

---

Sauti_ya_Ploti

Nimeguswa na hiyo ya gari. Basi nikiri jambo. Kundi letu la ploti ninalojivunia, wakati ule wa 2024 mtu alituma ujumbe wa sauti kwamba bwawa limepasuka na maji yanafika dakika ishirini. Watu wakakimbia na watoto gizani kwa mvua, mama mmoja akaanguka akavunjika mkono. Bwawa lenyewe lilikuwa mkoa mwingine na ujumbe ulikuwa wa mwaka mwingine. Sauti ilikuwa inatetemeka vizuri, ndio maana tuliamini.

Kisha yakaja mafuriko ya Mai Mahiu, alfajiri ya tarehe 29 Aprili, maji yakashuka kweli kwa watu waliolala, zaidi ya 45 wakafa. Na ploti yetu siku hizo hakuna mtu alikuwa anaamini ujumbe wowote tena.

---

MtangazajiMstaafu

Ndio maana ya yale maswali matatu, kijana wangu. Uko wapi, unaona nini, saa ngapi. Ujumbe wa sauti wa mwaka jana hauwezi kujibu la tatu.

---

MtuWaKiambiu

Nimesoma nyote. Acheni niseme ninachokitaka kwa ufupi maana wingu limeanza kunguruma.

Sitaki steshoni mpya. Sitaki mradi wenye nembo na fulana. Nataka, kuanzia Machi hadi Mei na tena Oktoba hadi Desemba, usiku ambao taarifa ya kaunti imesema mvua kubwa, kila steshoni kubwa iweke mtu mmoja, na ile kompyuta ipumzike. Alipwe zamu yake na apewe gari la kumrudisha. Redio za mitaani zisaidiwe betri na paneli ya jua, na mstaafu amesema shida yao kubwa ni nini: hazisikiki zaidi ya mtaa. Kwa hivyo wa 99.9 wa Dagoretti awe na namba ya wa Korogocho, ampigie tu. Hiyo haihitaji leseni, inahitaji salio la simu. Mzee Mstaafu, hilo lingewezekana wakati wenu?

---

MtangazajiMstaafu

Lingewezekana. Aibu ni kwamba hatukuwahi kulifikiria. Tulikuwa tunajuana, tunakutana kwa mafunzo, tunapiga picha pamoja. Namba za wenzangu wa mitaa mingine nilikuwa nazo kwa simu. Nilizitumia kuomba nyimbo.

---

Fundi_Mawimbi

Ya betri na paneli kwa mtambo mdogo wa mtaa ni jambo rahisi, unakula stima kidogo kuliko pasi ya nguo. Atakayekuwa na steshoni anitafute kwa ujumbe wa ndani, kazi yangu sitatoza.

---

MamaKaro_Kayole

Kabla hamjamaliza: namba ya Msalaba Mwekundu ni 1199, haitozwi. Iandikeni kwa ukuta kwa chaki, msiiweke kwa simu peke yake. Na mawe ya redio yatoeni ndani ikiwa haitumiki, yakivuja yanaila.

---

MtuWaKiambiu

Asante mama. Yangu ya Kiambiu ilikufa hivyo hivyo, si maji. Nilinunua nyingine, iko hapa dirishani.

Sasa ni saa mbili na robo. Tulihama, tuko Shauri Moyo, juu kidogo, lakini mto bado nausikia. Ngurumo ziko upande wa magharibi. Redio inasema ni rumba. Kuna mtu wa Kikuyu kwa huu uzi?

---

Kijana_wa_Ondiri

Niko. Nimesimama kwa mlango wa duka, naona kinamasi vizuri kwa sababu ya taa ya barabarani. Upepo mwingi, matone makubwa machache yameanza sasa hivi, saa mbili na dakika kumi na saba. Mtaro wa barabara bado mkavu. Nitaandika tena saa tatu.